EliteBook Ipi? Taja Nambari

Msikilizaji, ukiulizia laptopu za mtumba hapa Unguja, kuanzia Darajani kushukia Mlandege, majina matatu utayasikia kabla hujavuta kiti: EliteBook, Latitude, ThinkPad. Nyingi zimeshatumika maofisini huko nje, zikapitia Dubai, zikafutwa vumbi, zikaletwa kwetu.

Jina hilo peke yake halikufikishi popote. Ni kama kumwambia mgeni unakaa Michenzani: lazima atakuuliza jumba nambari ngapi, ghorofa ya ngapi, mlango upi. Laptopu nayo ina nambari yake, mara nyingi chini ya kioo au tumboni mwa mashine, na humo ndimo mna habari.

Chukua EliteBook 840 G3. Nane ya mwanzo ni daraja: HP waliiweka kwa mashine za ofisi kubwa, na 6 na 4 wakazipa ProBook, za bei nafuu zaidi. Nne inayofuata inakwambia kioo ni cha inchi 14. Ukiona 820, kioo ni inchi 12 na nusu. Ukiona 850, ni inchi 15.6, na hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA asiibebe kila asubuhi kwenye daladala la Tunguu, mabega yatamlaumu.

Sasa hiyo G3, ambayo ndiyo inayochezewa bei. G3 ni toleo la tatu, si kizazi cha tatu cha prosesa, ingawa wapo wanaokuuzia hivyo. Ndani yake mna Intel ya kizazi cha 6. G4 nyingi zina cha 7. G5 nyingi zina cha 8. Kutoka G4 kwenda G5 ni tarakimu moja tu mdomoni, lakini Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kupata masasisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. G5 ya kizazi cha 8 inapita, G4 inabaki mlangoni. Fundi anaweza kuipachika Windows 11 kwenye G3 kwa nguvu, na itawaka vizuri tu mbele yako dukani. Ila Microsoft haikuahidi kuiletea masasisho.

Na sisi wanunuzi tumechangia. Tunaingia dukani tunauliza, "i7 ipo?" Basi tunapewa i7. Core i7-6600U ya kizazi cha 6 ina viini viwili. Core i5-8250U ya kizazi cha 8 ina vinne. Anayekimbilia saba analipa zaidi kwa mashine dhaifu. Hiyo U ya mwisho, lakini, itafute: ni alama ya prosesa inayokula umeme kidogo, na bila hiyo wepesi na betri ya kudumu ni shida kuvipata pamoja.

Lenovo nao wana vituko vyao. ThinkPad T490s ya 2019 ilifuatwa mwaka 2020 na T14s. Nambari imeshuka, mashine ni mpya zaidi! Apple ndio kabisa: MacBook Air ile ya inchi 13 ilibeba nambari A1466 kuanzia 2012 hadi 2017, kwa hiyo hata ukiigeuza ukaisoma tumboni hujajua umri wake. Iwashwe, ufungue ile alama ya tofaa juu kushoto, mwaka utauona.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, soma mstari wa prosesa mwenyewe. Kisha iinue kwa mkono mmoja pamoja na chaja yake, maana hakuna nambari inayotaja kilo.

G3 si takataka, nisieleweke vibaya. Kuandika ripoti na kusoma vitabu inatosha kabisa. Ila muuzaji akikutajia bei ya G5, mrudishie mashine yake, uvuke duka la pili.