Jina Lako Ni Nani?

Masomo: Mwanzo 27:15-24 na Mwanzo 32:24-28



Hapa kwetu Butali, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, michezo ya shule za sekondari ikianza watu hawana habari nyingine. Ukienda kunyolewa, utaikuta. Ukingoja bodaboda, utaikuta. Mashabiki wa Green Commandos, timu ya Kakamega School, huwatania wenzao wa Musingu, na wale wa Musingu hawakubali kulala na deni. Kisha wote wawili hushikana mikono kuwatania watu wa St. Anthony's ya Kitale. Mwezi wa Agosti 2025, michezo ya shule za Afrika Mashariki ilipofanyika hapa Kakamega, utani huo ukapata na wageni wa kuutania.

Utani ni chumvi ya ujirani, wala sitaki kuukemea. Lakini upo utani mmoja unaorudiwa kila mwaka. Mmoja husema, "Yule beki wenu ana watoto wawili, na wa kwanza anakaribia kumaliza shule ya msingi!" Mwingine hujibu, "Na yule wenu wa namba tisa, juma lililopita si alichezea shule nyingine kwa jina jingine?" Watu hucheka, chai huongezwa. Mchezaji wa kuazimwa tunamwita mamluki. Aliyezidi umri tunamwita kijeba. Sitaji shule yo yote, kwa maana neno hili husemwa juu ya kila shule inayoshinda. Ushahidi unaotakiwa ni mmoja tu: kwamba sisi tumefungwa.

Ndugu msikilizaji, hapo tuangalie. Katika Kutoka 23, mstari wa kwanza, Mungu anawakataza watu wake kueneza habari za uongo. Wewe unasema kwa mzaha, lakini nyuma ya mzaha wako yuko mtoto wa mtu. Ni kijana aliyejaliwa mwili mkubwa, mwenye cheti chake halali cha kuzaliwa, anayekaa darasani na wenzake kila siku. Akigusa mpira, uwanja mzima unamwita mzee. Anarudi bwenini akiona haya kwa ajili ya mwili aliopewa na Mungu. Nani atamrudishia jina lake?

Lakini jambo hili lina upande wa pili. Si kila neno la mamluki ni uvumi. Katika nchi yetu timu za shule zimewahi kuondolewa mashindanoni kwa kosa hili. Twajua jinsi linavyofanyika. Kijana huletwa muhula wa michezo, hupewa kitanda na sare, hajui hata darasa lake liko wapi, na michezo ikiisha haonekani tena. Au hupewa karatasi za kijana mwingine aliye mdogo kwake, akafundishwa kuitika jina lisilo lake.

Nisieleweke vibaya. Kumlipia karo kijana maskini kwa sababu ana kipawa cha mpira si dhambi, iwapo anasoma kweli na anaitwa kwa jina lake. Hiyo ni huruma. Dhambi ni uongo.

Ulimwengu umetafuta dawa ya uongo huu. Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana wasiozidi miaka 17 lililochezwa Nigeria, shirikisho la FIFA lilianza kutumia mashine ya MRI kupiga picha za mifupa ya kiwiko cha mkono, penye kiganja. Mfupa wa kijana anayekua bado una nafasi isiyofungana, na wa mtu mzima umekwisha kuungana. Cheti huweza kuandikwa upya, lakini mfupa hausemi uongo.

Sasa fungua Mwanzo 27, utaona kwamba mkono ulipimwa zamani sana. Mzee Isaka alikuwa haoni. Yakobo akaingia kuchukua baraka ya kaka yake, amevaa nguo za kaka yake, na ngozi ya mwana-mbuzi imefungwa mikononi. Huyo ndiye mamluki. Baba alimwuliza yeye ni nani, naye akajibu kwamba ni Esau. Mzee akapapasa mikono, akashangaa kwamba sauti ni ya mmoja na mikono ni ya mwingine. Lakini akadanganyika, akambariki.

Tazama pia ni nani aliyemvika zile ngozi. Ni mama yake mwenyewe, mtu mzima, aliyempenda. Vivyo hivyo kijana wa miaka kumi na saba haamki asubuhi akajiandikia cheti. Yuko mtu mzima aliyempangia: labda mwalimu, labda mfadhili, labda mzazi. Sisi mashabiki ndio tunaowashangilia. Mkulima wa hapa akipunjwa kilo chache kwenye mizani ya miwa, kelele zake zitafika mbali. Lakini timu yake ikipata goli la mamluki, Jumapili anatoa sadaka ya shukrani! Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Je, Yakobo alipata faida gani? Alipata baraka, akapoteza nyumba. Alikimbia, na yule mama aliyempenda hatusomi kwamba alimwona tena. Kijana wa leo naye hupata kikombe cha siku moja. Akiumia goti, wale waliomleta hawamjui. Akitaka kusimulia ushindi wake, hawezi, kwa maana kwenye karatasi aliyecheza ni mtu mwingine. Na yuko kijana wa pili, ambaye hatumkumbuki: yule aliyefanya mazoezi tangu kidato cha kwanza, akaketi nyasini akimtazama mgeni amevaa jezi yake.

Miaka mingi ilipita. Katika Mwanzo 32, penye kivuko cha Yaboki, Yakobo alishindana usiku kucha na mtu asiyemjua, akaomba baraka kwa mara nyingine. Akaulizwa swali lile lile linalomtaka ajitaje. Safari hii hakuvaa ngozi ya mbuzi. Alijibu, yeye ni Yakobo. Ndipo akabarikiwa, akapewa na jina jipya. Mungu hambariki mtu kwa jina la kuazima.

Basi, mpenzi msikilizaji, tufanyeje? Kama hujui, nyamaza. Tania mambo mengine: penalti iliyopaa juu, kipa aliyelala. Hayo yanatosha kwa juma zima. Na kama unajua kweli, usilifanye jambo hilo kuwa mzaha wa kibandani. Nenda kwa mwalimu mkuu kwa upole, hata kama timu ni ya shule uliyosoma wewe. Hapo ndipo penye gharama, kwa maana kusema kweli juu ya wapinzani ni rahisi, na kusema kweli juu ya wako kunaweza kukupotezea marafiki. Mtume Paulo amemwandikia Timotheo kwamba mshindani havikwi taji asiposhindana kwa halali. Neno hilo lawahusu wachezaji, nalo latuhusu sisi tunaopiga makofi.

Nawe kijana unayenisikiliza, ambaye labda umekwisha kupewa jina lisilo lako: Mungu analijua lile ulilobatizwa nalo. Rudi kwalo. Ni afadhali kuketi nyasini ukiitwa kwa jina lako, kuliko kubebwa mabegani ukiitwa kwa jina la mwingine.

Tuombe. Ee Bwana, wewe watujua kila mmoja kwa jina. Utusamehe tulipochafua majina ya watoto wa wenzetu kwa kicheko. Utusamehe tuliponyamaza kwa sababu ushindi ulikuwa wetu. Uwalinde vijana wetu viwanjani, uwape walimu na wazazi moyo wa kweli, nasi utufundishe kufurahi pasipo uongo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.