Kinanda Kinachovuja Upepo: Hotuba kwa Waumini na Majirani



Sisi tunaotunza ala za muziki hekaluni tumeombwa tuseme machache kuhusu hamoniamu, kinanda cha mvukuto kinachoongoza bhajan zetu. Ala hii imesafiri mbali. Alexandre Debain aliisajili jijini Paris mwaka 1842, ikiwa ya kukanyagwa kwa miguu. Katika karne hiyohiyo, huko Calcutta, Dwarkanath Ghose aliitengeneza ndogo, ya kupigwa na mtu aliyeketi sakafuni, mkono mmoja ukibonyeza vitufe na wa pili ukivuta upepo. Pwani yetu imeipokea hata nje ya mahekalu: marehemu Juma Bhalo wa Mombasa aliimba kwayo taarabu yenye mahadhi ya Kihindi.

Neno letu kuu ni hili: kinanda kilichofifia sauti mara nyingi hakijafa, kinavuja upepo. Kinanda cha babu huwekwa juu ya kabati miaka mingi, na wajukuu hukua bila kujifunza, kwa sababu ya ufa usiozidi urefu wa kidole.

Sehemu inayochakaa mapema ni mvukuto. Mikunjo yake ni ya karatasi ngumu, na viungo vyake ni vya kitambaa au ngozi laini. Viungo hivyo hujikunja mahali palepale kila siku hadi vikapasuka. Unyevu wa masika hulegeza gundi, na mende humalizia kazi.

Kwanza, fungeni vizuizi vyote vya upepo, mjaze mvukuto, kisha mhesabu polepole hadi upepo uishe. Iandikeni hesabu hiyo. Pili, washeni kijiti cha udi, mkipitishe taratibu kando ya mikunjo huku mwenzenu akisukuma mvukuto. Moshi unapoyumba ghafla, hapo ndipo penye tundu. Kaa la udi lisiguse kitambaa.

Tatu, ondoeni gundi ya zamani kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha mkate kiraka cha pamba nyembamba iliyofumwa kwa kubana. Familia zisizopenda ngozi katika ibada zitatosheka na pamba. Pakeni gundi nyeupe ya maseremala, kidogo tu, na mweke karatasi ya nailoni kati ya mikunjo ili isigandamane. Kiacheni kinanda usiku kucha. Asubuhi hesabuni tena, mlinganishe na hesabu ya kwanza.

Tunawasihi msitumie selotepu wala gundi ya kukauka papo hapo. Kiraka kigumu hakikunjiki, hivyo karatasi hupasuka pembeni mwake, na atakayetengeneza baadaye hulazimika kukata mkunjo mzima. Gundi nyeupe hulainika kwa maji ya moto. Kiraka chema ni kile ambacho mtu wa kesho ataweza kukibandua bila kuharibu kilicho chini yake.

Ndimi za shaba ndani ya kinanda zinahitaji tahadhari zaidi. Ulimi usiolia huenda umenaswa na vumbi. Pitisheni chini yake kipande chembamba cha karatasi. Msiukwangue. Ukikwanguliwa nchani sauti hupanda, ukikwanguliwa shinani hushuka, na shaba iliyoondoka hairudi. Kazi hiyo mwachieni fundi mzoefu.

Ndugu zetu, kazi ya kiraka haihitaji Mhindi wala mwanamuziki. Mshonaji anajua kitambaa, seremala anajua gundi, na mafundi hao ni majirani zetu. Katika mwaka huu wa kumbukumbu ya hekalu letu, tunaomba kila nyumba ishushe kinanda chake kabatini, ikipime, na ikilete kikiwa na tundu. Vijana wetu watajifunza kukitengeneza kabla ya kujifunza kukipiga, na watakaokirithi watakikuta kizima.