Klabu Iliyopewa Mzigo Mkubwa

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Akina mama, wazee na vijana, nimeombwa nizungumze juu ya vikundi vinavyoanguka. Sitataja kikundi chochote cha hapa kwetu, maana tutaanza kunyosheana vidole. Twende mbali kidogo, Ujerumani, kwa klabu moja ya mpira iliyokufa.

Iliitwa Tasmania 1900. Tasmania ni kisiwa cha Australia, lakini vijana walioianzisha mwaka wa 1900 walikuwa wa Rixdorf, mji ambao baadaye uliitwa Neukölln na sasa ni sehemu ya Berlin. Ilikuwa klabu ya mtaa, yenye watu wake, na katika ligi ya Berlin ilifanya vizuri.

Mwaka wa 1965 mambo yakabadilika. Berlin Magharibi ilikuwa imezungukwa na ukuta tangu 1961, na wachezaji wazuri hawakupenda kwenda kuishi huko. Klabu kubwa ya mji huo, Hertha, iliwavuta kwa kuwalipa kuliko sheria ilivyoruhusu. Ikagunduliwa, ikafukuzwa ligi kuu, yaani Bundesliga. Wakubwa wa mpira hawakutaka Berlin ikose timu, kwa sababu za siasa. Bingwa wa ligi ya Berlin alikuwa ameshashindwa mechi za kupanda daraja. Waliomfuata wakakataa nafasi hiyo. Ikaangukia Tasmania, ligi ikiwa karibu wiki mbili tu kuanza! Inasimuliwa kwamba wachezaji wengine walikuwa likizoni, wakasikia habari kwa redio.

Hapa tusimame kidogo. Tasmania haikupewa nafasi kwa sababu ilikuwa tayari. Aliyetoa alikuwa na haja yake, alitaka jina la Berlin lionekane kwenye orodha. Nyinyi wenyewe mnajua mgeni anavyofika na gari, anataka mradi uwe umeanza kabla mwaka wake wa fedha haujaisha. Waliokataa hawakuitwa waoga miaka mingi baadaye. Mimi nawaona walikuwa na akili.

Haya, mpira ukaanza. Mechi ya kwanza, Agosti 1965, watu zaidi ya 80,000 walijaa Olympiastadion, na Tasmania ikaifunga Karlsruhe mabao 2-0. Shangwe! Nadhani siku hiyo iliwadhuru zaidi ya kuwasaidia, maana kila mtu aliamini mambo yamekwisha kunyooka. Walikuwa pia wamemleta Horst Szymaniak, mchezaji wa timu ya taifa aliyekuwa Italia. Mtu mmoja hodari, lakini wenzake walikuwa wale wale.

Baada ya hapo wakacheza mechi 31 mfululizo bila kushinda hata moja. Machi 1966 walifungwa 9-0 nyumbani kwao. Januari mwaka huo, walipotoka sare na Mönchengladbach, waliolipa kiingilio walikuwa 827, katika uwanja ule ule mkubwa. Mweka hazina yeyote hapa anaweza kupiga hesabu: wachezaji walilipwa kwa tegemeo la kiingilio, na kiingilio kimekwenda. Mwisho wa msimu walikuwa na ushindi mara 2, sare 4, kushindwa 28. Mabao 15 ya kufunga na 108 ya kufungwa.

Wakashuka. Hawakufa siku hiyo, na hili ndilo watu husahau. Walirudi ligi ya Berlin, wakaendelea kushindana wakitafuta kupanda tena, madeni nayo yakiwafuata. Mwaka wa 1973 klabu ilifilisika, ikavunjwa. Mwaka huo huo watu wa Neukölln walikuwa wameanzisha nyingine, Tasmania 73, wakaanza chini kabisa. Hiyo mpya ipo mpaka leo.

Januari 2021 klabu kubwa ya Schalke ilifikisha mechi 30 bila kushinda, ikibaki moja tu kuifikia Tasmania. Mashabiki wa Tasmania waliomba Schalke ishinde, hawakutaka kunyang'anywa rekodi yao. Ikashinda 4-0.

Sasa kila kikundi kitoe kitabu chake cha hesabu, tuangalie ukurasa wa madeni kwanza.