Bidhaa Zetu Zieleweke Hata Ughaibuni



Kwa miaka 10 tumeuza michembe na matobolwa hapa Tinde, njia panda ya Mwanza na ya Isaka kuelekea Rwanda na Burundi. Mteja akiwa mbele yetu, tunaelewana. Aliye London akisoma tovuti yetu hana wa kumuuliza. Kwa hiyo tumeazimia yafuatayo.

Namba ya simu ianze na +255 badala ya sifuri. Bei iandikwe TZS, maana Kenya na Uganda nao wana shilingi. Saa 2 asubuhi tuiandike 8:00, saa za Tanzania. Mwezi tuutaje kwa jina, kwani 5/6 kwetu ni Juni, Marekani ni Mei. Na maelezo yawe kwa Kiswahili na Kiingereza: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza.

Akina mama, tovuti hii inalipiwa na hisa zetu. Oda ikipotea kwa kutoeleweka, imepotea sare ya shule ya mtoto wa mwenzetu.