Kijiko cha Twiga: Mutisya Munge na Deni la Wazaramo



Nimekuja na vitu viwili, naomba mvipitishe mkono kwa mkono huku nikizungumza. Cha kwanza ni kigoda cha miguu mitatu, urithi kutoka kwa babu yangu. Pitisheni kidole juu yake mhisi nyaya nyembamba za shaba zilizogongomewa ndani ya mti, duara ndani ya duara. Cha pili ni kijiko cha kupakulia saladi, mpini wake umeishia kwa kichwa cha twiga. Hiki nilikinunua kando ya barabara ya Kitui, na muuzaji hakunipunguzia hata shilingi.

Mgeni akiviona atasema vyote ni sanaa ya Wakamba. Babu angekubali kigoda, kisha angeuliza saladi ni nini. Wakamba wa zamani walichonga sana: vigoda vya wazee, miko, mizinga ya nyuki, vidau vya ugoro. Twiga wa kuuzia wapita njia hakuwamo.

Aliyemleta ni Mutisya Munge wa Wamunyu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa tayari fundi mwenye jina. Vita vikampeleka kusini, katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na huko akawakuta wachongaji wa Kizaramo. Wapo wanaosimulia kwamba walikuwa Wamakonde. Waliochunguza biashara hii katika miaka ya 1950 waliwataja Wazaramo, nami nasimama nao. Aliporudi nyumbani alianza kuchonga sanamu za kuuza. Wanawe wakajifunza, majirani wakachungulia, na baada ya miaka kadhaa kijiji kizima kilikuwa kinalia tezo. Vijana wakaondoka na ufundi huo hadi Nairobi na Mombasa, ambako mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe waliunda chama chao cha ushirika.

Je, Mutisya aliiba? Swali hili huulizwa na wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka huwa nawarudisha kwenye kigoda. Tazameni mguu wake unavyokutana na kikalio: hakuna gundi wala msumari, kote ni gogo moja. Mkono ulioweza hivyo haukwenda vitani mtupu. Askari na wapagazi wangapi walipita mbele ya wachongaji wale, wakatazama, wakaenda zao? Wazo la Wazaramo lilishika kwa Mutisya kwa sababu lilikuta mkono unaojua mti unapopasukia.

Tena hakubeba kila kitu. Wazaramo wana mwana hiti, kile kinyago kidogo kinachohusiana na mwali anayefundwa. Mwana hiti hakuja Wamunyu. Mutisya alichukua ufundi na soko, akamwachia mwali wa watu kinyago chake. Sijui kama kuna mtihani mzuri zaidi wa adabu ya kuazima: tazama mtu alichokiacha.

Wanawake wetu nao hawakukaa kando. Kyondo, kikapu tunachojivunia, hufumwa kwa mkonge, na mkonge ni mgeni: asili yake ni Mexico, na uliingizwa Afrika Mashariki mwaka 1893. Mama zetu waliuchuna, wakausokota pajani kama walivyosokota nyuzi za miti ya porini. Ukanda wa kupitisha kichwani ukaondoka, mishikio ya ngozi ikaja, na kikapu cha kubebea mahindi kikaanza kupanda ndege. Na benga ya Waluo, mikononi mwa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, ikawa muziki wa harusi zetu; hilo sihitaji kulieleza hapa Machakos.

Nisieleweke vibaya. Mpingo umeadimika, na wachongaji wamegeukia miti mingine, mwarobaini ukiwemo, nao ni mgeni kutoka Bara Hindi. Kuchonga mwarobaini ni ubunifu. Kuupaka rangi nyeusi ya viatu ukauuza kwa jina la mpingo ni uongo, na mnunuzi ataugundua siku vidole vyake vitakapotoka vyeusi. Kuazima na kudanganya ni mambo mawili, hata kama yanafanyika kwenye banda moja.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Mzaramo amesahaulika. Kwenye karatasi ndogo zinazobandikwa chini ya vinyago husomi popote kwamba tulianzia kwake. Sheria haitatusaidia. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi iliyokwisha kuchongwa. Wazo lenyewe hailigusi. Mwaka 2016 tulipata sheria ya kulinda maarifa ya jadi ya jamii, lakini ufundi uliovuka mpaka mgongoni mwa mtu aliyetoka vitani utauandika kwa jamii ipi? Mimi ningeanza na hicho kikaratasi. Maneno mawili yangetosha.

Mwaka jana, chini ya mwembe mmoja Wamunyu, nilimkuta kijana amenuna. Alikuwa amebuni twiga wawili waliosokotana shingo kama kamba, wote kutoka gogo moja. Haikupita wiki, banda zima likawa na twiga waliosokotana. "Wameniibia, mwalimu," akaniambia. Mzee aliyekuwa akipiga msasa pembeni akamuuliza, bila kuinua macho, miguu ya twiga alifundishwa na nani. Kijana hakujibu. Nilipopita tena baada ya mwezi, twiga waliosokotana walikuwa wamejaa hadi barabarani, kila mchongaji na wake. Yeye alikuwa ameketi palepale, mbele ya gogo nene, tezo mkononi, akimtafuta kiboko.