Mkono si jiliwa
Maneno kwa wanachama na vijana wa karakana yetu, Baraka



Mimi si fundi. Chuoni nilisoma mambo ya maendeleo, na kazi yangu ni kupita karakana kwa karakana kuangalia namna vijana wanajifunza. Lakini niko na kovu hapa kwenye kidole gumba. Siku moja nilishika kipande cha bati kwa mkono, nikakitoboa na mashine. Ncha ilipotokea upande wa pili ilinasa bati, likazunguka nayo kabla sijaachia. Jiliwa lilikuwa pale pale, hatua mbili tu. Nilikuwa nimejiambia: "Ni tundu moja tu."

Ndiyo sababu ninataka kuongea juu ya jiliwa letu jipya, ile tunaitaga eto. Tuko na moja tu, na limetoka katika michango yenu. Kama limepasuka, hatuna lingine.

Kwanza, kulifunga. Meza iwe nzito na isitikisike. Tuliweke karibu na mguu wa meza, si katikati ambapo mbao zinanesa. Tulifunge kwa bolti zinazopita mbao mpaka chini, na washa na nati. Misumari hapana: itang'oka siku ya kazi ngumu. Taya ya nyuma, ile isiyotembea, ipite kidogo ukingo wa meza, ili chuma kirefu kiweze kusimama mpaka chini. Na urefu? Simama wima, kunja mkono: juu ya taya pafike kwenye kiwiko chako. Likiwa chini sana, mgongo utalipa. Kijana mfupi apande juu ya ubao imara.

Pili, kukaza. Kaza kwa nguvu ya mikono yako, basi. Musitie bomba kwenye mpini ili kuongeza nguvu, wala musiugonge na nyundo. Mwili wa majiliwa mengi ni chuma cha kusubu. Kinaonekana kigumu, lakini hakipindi. Kinapasuka sawa chungu. Chuma unachokaza kikae katikati ya taya. Kama ni lazima kikae upande mmoja, weka upande mwingine kipande cha unene ule ule, taya zisiende mshazari. Na kisitokeze juu sana: kikitokeza kitatetemeka, tupa itaruka, na vidole vyako vitaifuata. Kama kitu ni laini, weka vipande vya mbao ao alumini kwenye taya, meno yasikiharibu.

Tatu, kufungua. Hapa wengi wanasahau. Chuma kizito kinapoachiliwa kinaanguka, na miguu yetu munaijua: ni kandambili. Mutu mwingine akishikilie kwanza, ao mukiwekee kitu chini. Tuvae viatu vilivyofunika vidole.

Kwenye mashine ya kutoboa ni vile vile. Jiliwa dogo la mashine lifungwe kwa bolti kwenye meza yake. Glavu hapana pale, na mikono mirefu ya shati ikunjwe, maana ncha inayozunguka inavuta nguo. Miwani ya kazi ivaliwe. Unga wa chuma tusiupulize kwa mdomo, unaingia machoni. Tuufagie kwa brashi.

Jioni, safisha skrubu, tia grisi kidogo, lakini taya zibaki kavu. Zifunge karibu kugusana, bila kukaza. Mpini uachwe ukining'inia chini, usimgonge mutu anayepita.

Najua kijana mwenye mteja mlangoni atasema hana wakati. Kukaza jiliwa ni kitu cha dakika moja. Haraka haraka haina baraka, na sisi watu wa Baraka tusingepaswa kukumbushwa.

Wengi wenu mulivuka ziwa kutoka Kigoma bila mali. Mulikuta mashamba ni pori na nyumba zimeanguka. Kitu mulichorudi nacho ni mikono, na ufundi ambao wengine walijifunza kambini. Mikono hiyo ndiyo ilijenga upya. Jiliwa likivunjika, tutachanga tena, hata kwa miezi mingi. Kidole hakichangiwi.

Kwa hiyo, kijana ukiona mwenzako anashika chuma kwa mkono mbele ya mashine, usiogope kumwambia, hata kama ni mkubwa wako: "Kaka, mkono si jiliwa." Na wewe mkubwa, usikasirike.