Kuchagua Kazi: Funga Macho, Kisha Utembee Ukaone

(Maneno ya komite mbele ya wanachama, kabla ya kufungua mikopo ya vijana)



Tuko na neno moja tu leo, lakini linagusa sanduku letu, kwa hiyo tunaomba masikio. Mwezi unaokuja vijana watakuja na maombi: mimi nataka kushona, mimi nataka moto, mimi nataka kutengeneza sabuni. Sisi wa komite tumesoma maombi ya namna hiyo miaka mingi, na leo tunakiri mbele yenu: mengi tuliyaandika sisi wenyewe. Kijana anakuja, tunamuuliza, "Unataka kazi gani?" Ananyamaza. Tunamsaidia: "Basi tuandike kushona." Leo zile mashini ziko wapi? Moja tuliiona juzi imefunikwa kitenge, redio iko juu yake. Zingine ziliuzwa sokoni kwa nusu ya bei. Hakuna aliyetuibia. Swali letu njo lilikuwa baya.

Tukumbuke kule tulikotoka. Lugufu na Nyarugusu, kama kulikuwa na mafunzo, kulikuwa na orodha. Unachagua palipobaki nafasi. Hatulaumu, ulikuwa msaada, na wako wanaokula kwa ufundi ule mpaka leo. Lakini ukichagua miaka mingi kwenye orodha ya mwengine, kichwa kinasahau kujiuliza.

Wala si kwamba kule hatukuwaza. Jioni wazazi walikuwa wanalima mashamba ya kichwani: tukirudi Fizi, mihogo itakuwa hivi, michikichi hivi, ndagala kila siku. Halafu kuanzia 2005 meli zikaanza kututoa Kigoma kutuleta Baraka, tukakuta shamba limekuwa pori, na lingine liko na mtu ndani, naye ana watoto. Kuwaza hakukuwa kosa. Kosa letu, tuliwaza mavuno, hatukuwaza siku za kulima wala ugomvi wa mpaka.

Njo maana zoezi tulilojaribu na vijana kumi na wawili halianzi na kazi. Linaanza na siku moja. Funga macho. Miaka mitano imepita. Si siku ya Mungu, si siku ya ndoa. Ni siku ya pili tu, ile isiyo na jambo lolote. Nani amekuamsha? Mkono wako unashika nini kwanza? Kunanuka nini pale? Watu wanakuitaje? Nani anakudai? Jioni, ni wapi mwilini panauma? Kisha unachora au unasimulia. Karatasi hatukuwa nazo za kutosha, tulipasua mifuko ya simenti, tukachora kwa mkaa.

Binti mmoja alikuwa ameandika kushona. Katika siku yake mashini haikuonekana hata mara moja. Alijiona alfajiri ufukweni, anapokea ndagala kwa wavuvi, anabishana bei, anaanika, anafunga mifuko ya kupeleka Uvira. Tukamuuliza, "Mbona uliandika kushona?" Akajibu, "Kwa sababu mama zetu mulisema wasichana wanashona." Tulinyamaza kidogo.

Mama mmoja, yeye alitaka kufungua restora. Alisimulia siku yake mwanzo mpaka mwisho: maji, shamba, kuni, watoto, mgonjwa nyumbani. Alipofika mwisho akacheka, akasema, "Lakini restora nitaingia saa ngapi?" Siku ilikuwa imejaa, na haikubaki ila saa mbili za jioni. Hilo halikutoka kwenye hesabu za bei hata kidogo. Lilitoka kwenye kuiona siku. Sasa anafikiria mikate ya kukaanga jioni, na dada yake ashike mambo ya maji.

Zoezi la pili tulilijua kupitia walimu wawili wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, Bill Burnett na Dave Evans, walioandika kitabu mwaka 2016. Wanaomba mtu achore maisha matatu ya miaka mitano, si moja. La kwanza, yale unayofuata sasa. La pili, kama njia hiyo imekufa, utafanya nini? La tatu, kama pesa si shida na hakuna wa kukucheka. Sisi tuliopoteza nyumba tunaelewa la pili kuliko wanafunzi wao. La tatu njo lilitushinda. Vijana waliona haya kusema.

Tuliigiza pia. Mmoja mteja, mwengine muuzaji, na mteja hataki kulipa deni. Kijana wa moto tulimwekea kizuizi barabarani na mtu wa kudai pesa. Alikasirika kweli, akatupa fimbo iliyokuwa usukani. Tulidhani ataacha. Hakuacha, alikwenda kwenye moto, na anaendelea vizuri. Kwa hiyo zoezi si mganga.

Mzee wetu mmoja alisimama siku ile akasema, "Watoto wangu, njaa haioti ndoto." Anasema kweli. Mwenye njaa leo anabeba mizigo bandarini leo, na sisi tutambebesha hata sahani ya ugali kwetu. Lakini mtoto wa tajiri akikosea kazi, baba analipa mara ya pili. Wetu anapata mkopo mmoja. Akikosea, anabaki na deni na aibu, anaacha kuja mkutanoni. Hao tumewapoteza, na munawajua.

Tena, tusirudie kosa la mashamba ya kichwani. Ukishaiona siku yako, nenda ukaishi siku tatu na mtu anayeifanya kazi hiyo. Si kumuuliza tu. Shika mzigo, lala ukichoka. Yule binti wa ndagala alikwenda. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, samaki wote waliokuwa wameanikwa wakaharibika, akarudi analia. Siku ya pili akarudi ufukweni. Bado hajaleta ombi, anasema anataka kwanza kujua wenzake wanafanyaje mvua ikinyesha. Sisi tunamngoja.

Basi ombi la mwezi unaokuja litakuwa na vitu viwili: mchoro au masimulizi ya siku yako, na jina la fundi uliyekaa kwake siku tatu, aje mwenyewe au atume neno. Asiyejua kuandika atasimulia, katibu ataandika kama alivyosema, bila kumtengenezea. Komite haitajaza tena karatasi ya mtu. Anayekosa fundi wa kumpokea aje kwetu siku ya posho asubuhi, tutamtafutia.